Mtandao Bila Kikomo wa Bi Mwanakombo

Nianze kwa kusema marahaba, ingawa hakuna aliyeniamkia. Najua mikono yenu imejaa simu.

Mpwa wangu ameajiriwa juzi kwenye kampuni ya intaneti, akaniomba niwaandikie machache yeye na wenzake, nyinyi vijana wa Ukunda, Diani na Msambweni mnaoingia kwenye kazi niliyoiacha. Mimi ni Mejumaa. Miaka yangu mingi ya kazi niliimaliza kwenye dawati la malalamiko la kampuni moja iliyokuwa na ofisi ghorofani pale Kona ya Musa, juu ya duka la magodoro. Asubuhi kampuni ilikuwa ikiuza intaneti bila kikomo. Mchana mimi nilikuwa nikiwaeleza walioinunua kikomo chenyewe kiko wapi.

Mtafundishwa jambo hili kwa maneno makubwa, basi afadhali mulisikie kwangu kwanza. Mteja analipia intaneti ya nyumba kwa mwezi. Kwenye tangazo kuna familia inacheka na neno "bila kikomo" limeandikwa kwa herufi kubwa. Kwenye mkataba, huko chini ambako herufi zimekuwa kama sisimizi, kuna kitu kinaitwa sera ya matumizi ya haki. Ukitumia sana, kampuni haikukatii. Inakubana. Maji yanaendelea kutoka bombani, ila sasa yanadondoka, na wewe una ndoo ya kujaza. Haki yenyewe ni ya nani hatukuwahi kuelezwa, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilikuwa na watoto wa kusomesha.

Kampuni ilipotaka kurekodi maneno ya kuwasikilizisha wateja waliobanwa, waliletwa watu kutoka Nairobi wenye sauti nzuri, lakini Kiswahili chao kilikuwa kinakimbia kama kimefukuzwa. Meneja akanisikia nikimtuliza mteja mmoja wa Msambweni, akasema ni mimi. Nikaingizwa kwenye chumba kidogo kilichozibwa kwa magodoro ya dukani ili kelele za stendi ya matatu zisiingie, nikasema kwa upole wangu wote: "Ndugu mteja, tunakuthamini sana. Umefikia kiwango chako cha matumizi ya haki, na kasi yako imepunguzwa ili wote wapate sawa. Tafadhali subiri." Marehemu mume wangu alipoisikia alisema tangu tuoane sijawahi kumwambia maneno matamu kiasi kile. Ikumbukeni sauti hiyo, nitaifikia tena.

Aliyenifundisha kazi ni Mutiso, fundi wetu mkuu, mtoto wa Wakamba waliohamia Shimba Hills. Kiswahili chake kilikuwa cha haraka, nusu Kiingereza, na salamu kwake zilikuwa kupoteza wakati. Alikuwa akiingia kwa mteja na kuuliza ruta iko wapi kabla hodi haijaitikiwa. Mimi nilimfundisha kubisha hodi, yeye akanifundisha mengine yote.

La kwanza alilonifundisha ni kwamba mteja akisema hajatumia kitu, anasema kweli kwa kadiri anavyojua. Wanaotumia ni vifaa vyake. Simu inajisasisha yenyewe. Picha za harusi ya binamu zinajipandisha mtandaoni zote, pamoja na zile zilizopigwa kidole. Televisheni inaachwa ikionyesha katuni kwa sebule tupu. Kwa hiyo usibishane na mteja, muulize nyumba yake inaamkaje, nani analala, nani anaacha nini kimewaka.

Mzungu mmoja mwenye nyumba Diani, ambaye karibu mwaka mzima hakuwa amekanyaga Kenya, alitupigia simu kutoka kwao akiwa amewaka. Nyumba imefungwa, hakuna mtu, na bado kila mwezi anabanwa. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba mlinzi wake ndiye anayemaliza intaneti kwa kutazama filamu, na alikuwa anatafuta mlinzi mwingine. Tulipofika tukamkuta mlinzi, mzee wa Galu, na simu yake ya tochi ambayo filamu haiijui kabisa. Mutiso akatazama juu. Chini ya paa kulikuwa na kamera inayojiwasha kila kitu kinapopita, halafu inatuma video safi moja kwa moja Ulaya. Na kilichokuwa kinapita ni kima. Asubuhi wakienda, jioni wakirudi, kina mama wamebeba watoto tumboni, madume yakikaa mbele ya kamera na kujikuna kwa muda mrefu. Mteja wetu alikuwa amewawekea kima intaneti. Tuligeuza kamera itazame lango badala ya mti wa mkungu waliopitia kima, na mzee akabaki na kazi yake.

Siku hizo, kabla ya nyaya zenu za fibre, mtandao ulikuwa unarushwa hewani kutoka mnarani mpaka kwenye antena juu ya paa. Mnazi ukirefuka katikati, kasi inashuka. Masika yakija na majani yakinawiri, inashuka tena, na mteja anapiga simu kusema kampuni imembana. Wakati mwingine kweli ni sisi, wakati mwingine ni mnazi, na ilitubidi kupanda juu ya paa kabla ya kujua wa kusingiziwa. Nyinyi hamna mnazi wa kusingizia, na kwa hilo nawaonea huruma.

Lakini hila kubwa ya Mutiso ilikuwa moja. Ukitaka kujua nani anatumia mtandao wa nyumba, usihangaike na kompyuta. Zima ruta, kaa kitako, ngoja uone nani atatokea. Kwenye nyumba moja ya Ukunda, mama aliapa kwamba mwanawe anajisomea chumbani. Tulizima, na mwanafunzi akatoka mbio, masikio yamefunikwa, akiuliza ni nani amemuua. Kumbe alikuwa vitani na watu wa Brazili. Hila hii bado inafanya kazi, msiidharau kwa sababu ya uzee wake.

Ndiyo niliyokwenda nayo Kinondo, kwa Bi Mwanakombo.

Nyumba yake ilikuwa inaongoza kwa matumizi kila mwezi, ikiyapita hata mahoteli madogo ya ufukweni. Na kwa maelezo tuliyokuwa nayo, waliokaa pale ni mama mtu mzima na mjukuu wake wa kike, basi. Makao makuu wakaamini anauza mtandao kwa siri. Nikatumwa nikaone, nimwonye, na ikibidi nimfungie kabisa.

Nililetewa mahamri na mbaazi kabla sijasema nimetoka wapi. Bi Mwanakombo alikuwa mwembamba, msemaji wa polepole, na mjukuu wake Saumu alikuwa mwalimu wa chekechea. Mama yake Saumu alifariki mwanawe akiwa mdogo. Baba yake, Hamadi, mwana wa Bi Mwanakombo, alikuwa dereva wa lori Arabuni, na yeye ndiye aliyeuweka mtandao ule ili awaone. Nikauliza paswedi. Ilikuwa "karibuninyote". Sikuandika chochote. Nikaomba ruhusa, nikazima ruta, nikarudi kwenye mahamri yangu.

Haukupita muda, hodi. Alikuwa jirani wa mlango wa pili, Mwanahamisi, amekuja kuazima kibao cha mbuzi akune nazi. Akapewa, lakini hakuondoka, akaketi ukingoni mwa baraza. Akaja mzee mmoja kuuliza kama kuku wake hajapita huku. Akaja fundi cherehani, yeye alisema amekuja tu kumjulia hali mama, akamjulia hali mara mbili. Wakaja wasichana wawili kuomba chumvi. Baraza likajaa. Waliulizana habari za afya, za mvua, za mgonjwa wa hospitali ya Msambweni, na hakuna aliyetamka neno intaneti, ingawa kila mmoja kwa zamu yake alikitupia jicho kile kisanduku kwenye kona. Nikainuka nikakiwasha. Simu zikaanza kulia ndani ya mikunjo ya kanga na mifuko ya vikoi, na papo hapo wote wakakumbuka kazi walizoziacha nyumbani. Mwanahamisi aliondoka kwa haraka hata kibao cha mbuzi akakiacha.

Nikamweleza Bi Mwanakombo, kwa ile sauti yangu ya kwenye magodoro, kwamba mtandao ule ni wa nyumba moja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "jirani akija kuniomba kaa la moto, nimwambie jiko langu lina kiwango?"

Kwenye mafunzo ya kampuni jibu la swali hilo halikuwamo. Nikawaripotia makao makuu kwamba ile ni nyumba yenye jamaa wengi. Si uongo huo, nitafutieni mtu Kinondo asiye jamaa ya Bi Mwanakombo. Hawakumfungia, ila wakaendelea kumbana.

Nikawa mtu wa nyumba ile. Mwaka uliofuata Saumu akaposwa na kijana mwema wa Msambweni, nami nikaalikwa. Hamadi hakupewa likizo na tajiri wake. Wangeweza kumwomba atume mapema karatasi ya uwakilishi, mwingine aozeshe kwa niaba yake, na mambo yakaisha, lakini alikataa. Alisema hakumwona binti yake akianza shule wala akimaliza, na hili atalisema kwa kinywa chake. Shehe Omari, ambaye ndiye angefungisha ndoa, alikubali kwa sharti. Yeye na mashahidi wamwone Hamadi usoni, wamtambue, na wamsikie akimwachia uwakilishi bila maneno kukatika katikati. Ikishindikana, Saumu angeozeshwa kwa idhini ya kadhi, kama anavyoozeshwa asiye na baba.

Harusi ikapangwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mtaniuliza, Mejumaa, wewe mjuzi, hukuona? Niliona siku ileile. Mwisho wa mwezi nyumba ile huwa imebanwa mpaka haina pumzi. Lakini wazee walikuwa wameshatia fatiha, na sikujiona nikisimama mbele yao kusema siku isogezwe kwa sababu ya gigabaiti. Nikamwendea Mutiso kimyakimya. Akasema "hiyo ni kitu kidogo, Mama", na Jumamosi akawalegezea kweli. Wageni waliotangulia kufika kutoka Vanga na Mombasa wakaumaliza ulegevu wote Jumamosi hiyohiyo.

Jumapili, baada ya adhuhuri, wanaume walikaa mikekani chini ya turubai na wanawake tulikuwa ndani. Mimi peke yangu nilikuwa mlangoni, nusu huku nusu huko, kwa cheo cha fundi. Simu ya Saumu ilikuwa imeegemezwa kwenye birika mbele ya shehe. Shehe akapiga. Uso wa Hamadi ukatokea, ukaganda mdomo wazi, ukapotea. Akapiga tena. Hamadi akasema "Bismi", na hakufika mbali zaidi. Bwana harusi alikuwa anajifuta jasho kwa kilemba.

Nikatazama nyuma yangu na mbele yangu, nikaelewa. Kila mgeni alikuwa ameinua simu. Kila mmoja alikuwa anawaonyesha harusi ndugu wa Arabuni, kwa mtandao wa Bi Mwanakombo, moja kwa moja. Na ndugu wa Arabuni aliyetaka kuonyeshwa harusi hii kuliko wote alikuwa Hamadi, kwa hiyo nusu ya wageni walikuwa wanampigia yeye. Mtu alikuwa anaonyeshwa harusi ya mwanawe kutoka kila pembe, isipokuwa pale alipohitajika.

Mara ya tatu akasikika sekunde chache. "Shehe, simu zinaingia nyingi," akasema. "Shangazi Riziki ananionyesha pilau." Akaganda.

Mtasema watumie bando za simu zao. Kwa umati ule, mnara wa simu wa pale nao ulikuwa hoi. Nikamtumia Mutiso ujumbe wa kawaida, nikampigia na simu ya kawaida, lakini alikuwa kanisani na simu ameizima, mtu mmoja tu siku hiyo aliyezima simu. Nikapiga namba ya huduma kwa wateja. Kwa haraka yangu kidole kikagusa kipaza sauti, na uwanja mzima ukasikia: "Ndugu mteja, tunakuthamini sana." Wanaume wakageuka wakanitazama mdomo, nao umefumbwa. Sauti yangu ikaendelea kuwaeleza, kwa upole mwingi, kwamba kasi imepunguzwa ili wote wapate sawa. Kisha nikajiambia tafadhali nisubiri, nikajisubiri.

Shehe Omari hakuwa mtu mbaya. Alisema atajaribu mara moja tu tena, halafu atafuata njia ya kadhi, maana alasiri inakaribia. Maneno yakapita dirishani mpaka chumba cha bibi harusi. Nilipoingia nilimkuta Saumu ameketi kitandani, hina imekoza mikononi, machozi hayafuti kwa kuogopa kuuchafua wanja.

"Mama Mejumaa," akaniambia, "mimi nina baba. Wasiniozeshe kama sina."

Nikamtafuta Bi Mwanakombo, nikamkuta jikoni kati ya masufuria. Nikamweleza kwamba kuna njia moja. Nibadilishe paswedi sasa hivi, kila mtu atatoka, abaki Hamadi peke yake. Hata matone yale yanamtosha mtu mmoja. Akatikisa kichwa. Siku wageni wamemjia, akasema, ndiyo siku ya kuwafungia mlango? Niliona hasira ikinipanda, nasema wazi. Nilitaka kumwambia kwamba ukarimu wake ndio unaomziba mwanawe mdomo. Nikamwambia tu alivyosema Saumu.

Akanawa mikono, akavaa buibui lake, akatoka mpaka ukingoni mwa turubai, mahali ambapo mwanamke hafiki wakati wa nikaha.

"Asalaam aleikum," akasema.

Wakaitikia.

"Niwieni radhi kwa kuwaingilia. Nimekuja kuazima. Naomba mniazime mtandao. Mwanangu ana maneno mawili anataka kuyasema. Akimaliza nitawarudishia."

Sikuwahi kumsikia akiomba kitu, wala sidhani kuna aliyewahi. Fundi cherehani alikuwa wa kwanza kushusha simu yake, akaizima na kuitia mfuko wa kanzu. Wakafuata wazee, wakafuata vijana, hata mpiga picha. Ndani, shangazi Riziki akawaaga watu wa Arabuni na kuifunika simu yake kwa sahani. Mwanahamisi alitoka kwa mlango wa uani bila kuambiwa na mtu, nikamsikia akipita nyumba kwa nyumba akibisha hodi, na katuni za mtaa mzima zikanyamaza moja baada ya nyingine.

Shehe akapiga. Picha ilikuwa na ukungu kama kioo kilichonyeshewa, lakini alikuwa Hamadi, amesimama kando ya lori lake, amevaa kanzu juu ya suruali ya kazi. Mashahidi wakainama wakamtazama, wakasema ndiye.

"Shehe Omari," akasema, "mimi Hamadi, baba yake Saumu, nimekuwakilisha umwozeshe binti yangu Saumu kwa kijana aliye mbele yako, kwa mahari waliyokubaliana."

Yalitoka yote, mpaka neno la mwisho. Shehe akamwozesha, bwana harusi akakubali, na vigelegele vya wanawake vikapasua dirisha. Mimi nililia waziwazi pale mlangoni. Nilikuwa nimesikiliza malalamiko maisha yangu yote, na sikuwahi kusikia mtandao ukifanya kazi namna ile.

Dua ikasomwa. Simu ikaletwa ndani, ikawekwa mbele ya Saumu, na baba na binti wakatazamana. Nje, watu wamekaa mikekani mikono imetulia, wanazungumza kama watu wa zamani. Hakuna aliyewasha simu. Hakuna aliyeuliza. Hamadi alikaa pale mpaka yeye mwenyewe akasema lori linamngoja, akamwombea binti yake kheri, akakata.

Bi Mwanakombo alirudi jikoni, nami nikamfuata kumsaidia kupakua. Hodi ikabishwa kwenye mlango wa uani. Alikuwa Mwanahamisi, kanga imejaa unga wa nazi, maana nazi zote za harusi alikuwa amezikuna yeye tangu alfajiri na hakukuwa na hata moja iliyobaki.

"Samahani, Mama," akasema. "Nimekuja kuazima kibao cha mbuzi."

Bi Mwanakombo akakitoa chini ya meza, akampa kwa mikono miwili.

"Chukua, mwanangu," akamwambia. "Na wenzako waambie, mimi nimeshamaliza."